Bi Mkubwa Hajarudi

Jumatatu, 4 Agosti

Wamerudi! Shangazi Winnie kanigongea dirisha kabla sijanywa hata chai. "Corina! Amka, mabwana wametua!" Nikavaa buti mguu huu, kandambili mguu ule, nikatoka hivyo hivyo. Mama akapiga kelele nyuma yangu kwamba nitachekwa na mbwa wa kijiji kizima.

Jabali la mashariki lote lilikuwa povu. Na ndani ya povu — pengwini! Madume watupu, kama kila mwaka. Wao hutangulia, wake zao hufuata baadaye. Wanene, wanang'aa, nyusi za manjano zimelowa zimewalalia usoni. Mmoja anaruka, anapiga tumbo kwenye mwamba, wimbi linamrudisha baharini. Anaruka tena. Anarudishwa tena. Mara ya tatu akaganda, akajikung'uta, akatembea kama mtu ambaye hakuanguka kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Idara ya Hifadhi imetupa kazi mwaka huu mimi na Shangazi: kuwatazama, kuandika nani kafika na nani kaoa. Kazi ya umbea, na mshahara juu! Shangazi anasema ameifanya maisha yake yote bure.

Brigedia yupo! Namjua kwa pete ya bati kwenye ubawa na kovu la kifuani. Amekwenda moja kwa moja kwenye kiota chake cha mwaka jana, chini ya lile jiwe lililoinama. Hakulala, hakupumzika. Akaokota kijiwe, akakisogeza, akakitazama, akakirudisha pale pale.

"Wanaume," akasema Shangazi. "Atapanga mawe wiki nzima, mke akija atayapangua yote."

Meli ya Septemba nayo inakuja. Sitaandika jina la mtu.

Ruben. Ruben, Ruben, Ruben. Basi, nimeandika.

Jumatano, 6 Agosti

Nataka kufa. Yaani sitaki, lakini nataka.

Nimeingia dukani kununua sukari. Gilford kakaa juu ya gunia, mtu mkubwa kama mlango, anavuta suruali ajikune. Soksi! Nyeupe, mistari minne — buluu, nyekundu, buluu, manjano. Mistari YANGU. Soksi ZANGU. Nilizofuma kipupwe chote nimejifungia chumbani, nikazificha chini ya mablanketi!

Kwetu kisiwani Tristan mwanamke hasemi. Anafuma. Mstari mmoja: ahsante, wewe ni mtu mwema. Miwili: nimekuona. Mitatu: pita nyumbani ukae. Minne? Mwenye akili zake hafumi minne kama hajaanza kuota pete. Na kijiji kizima kinasoma miguu ya wanaume kuliko kinavyosoma Biblia.

Ruben alipokuwa anaondoka kwenda Cape Town kujifunza ufundi wa injini, nilimfumia soksi za mstari mmoja. Mmoja! Mama alikuwa amekaa mbele yangu, macho kwenye sindano zangu, nikaogopa kuzidisha. Ruben akazichukua, akasema, "Ahsante, Corina," na uso wake ukawa kama viazi vilivyopigwa na baridi. Ndiyo maana nikafuma za minne. Nimpe siku atakayorudi, hapo hapo gatini, aseme mwenyewe.

Nikakimbia nyumbani. Mama anakanda unga, hana habari.

"Aa, zile? Nilidhani za baba yako. Gilford alitulimia viazi siku tatu, mwanangu, tungempa nini?"

Baba akatoka chumbani, akatazama miguu yake, akasema ndiyo maana amekosa soksi.

Alhamisi, 7 Agosti

Gilford amekuja.

Kabisha hodi baada ya chakula, kachana nywele kwa maji. "Jioni njema." Kakaa kwenye benchi la karibu na mlango, kofia juu ya goti. Kimya. Anatazama ukuta. Mama kampa mkate wa viazi, akala. Kampa wa pili, akala. Baba akamuuliza kuhusu bahari. "Ipo," akajibu. Kisha akasimama, "Haya," akaondoka.

Ndivyo wanaume wa kwetu wanavyoposa. Wanakaa. Ruben naye angekaa hivyo hivyo, ila Ruben hawezi kukaa kimya hata akiwa kanisani.

Mama macho yanamng'aa. "Mtoto ana adabu!"

Nilimwambia zilikuwa soksi za Ruben. Akaacha kuosha sahani. "Mistari MINNE? Kwa Ruben? Mbona hukuniambia?" Sasa nani humwambia mama yake mambo kama hayo! Nikamwomba akazidai. Akasema heri azame kuliko kumvua mtu soksi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani kila mtu ananichekea kwa meno yote. Bibi mmoja wa kiti cha nyuma kaniuliza keki itakuwa ya ghorofa ngapi.

Gilford alikaa safu ya mbele. Kavuta suruali juu kidogo. Kidogo tu, lakini alivuta!

Jumanne, 19 Agosti

Wake wamefika! Kelele gani hizi, jamani! Mpaka Viazini, kwenye mashamba yetu, tuliwasikia, na huko ni mwendo wa basi.

Kila jike anapotua, anapita katikati ya madume mia na zaidi, anasukumwa, anadonolewa, anatukanwa, wala hageuki. Anatafuta sauti moja tu. Akimpata mumewe ndipo utacheka: wanainama wote wawili, wanainua midomo juu, wanatikisa vichwa mpaka nyusi za manjano zinazunguka, wanalia kama punda waliofungiwa zizini. Kisha jike anaingia kiotani, anatazama mawe, anayapangua yote. Shangazi aliniangalia tu.

Nilimuuliza wanajuaje, baada ya miezi yote hiyo baharini, kila mtu njia yake. "Hawakumbuki sura, wanafanana kama viazi," akasema. "Sauti, na mahali. Mmoja anakuja kwenye jiwe lile lile, mwingine anaita. Basi. Ndoa nyingine hazina hata hayo mawili."

Brigedia kasimama kwenye kiota chake, kifua mbele. Kila jike anayepita, anainua kichwa. Siye. Anakishusha. Mkewe namjua: unyusi wa kushoto umekatika katikati, Shangazi anamwita Bi Mkubwa. Hajarudi.

Kesho atakuja. Lazima. Nimeweka dau la skafu yangu.

Ijumaa, 22 Agosti

Ruben alipiga redio! Kijiji kizima kikajazana kibandani, kama kawaida, kwa sababu redio ikiita ni ya wote. Nikasukumwa mbele, mkono wa Shangazi mgongoni.

Sauti yake! Mbali, inakwaruza, lakini yake.

"Corina, hujambo? Ova."

"Sijambo. Ova."

"Nimesikia habari za soksi. Hongera. Ova."

Kibanda kizima kikavuta pumzi. Dada yake alikuwa amesimama nyuma yangu, kumbe ndiye aliyempelekea umbea. Ningesema nini mimi? Kwamba ni kosa, kwamba vifundo vya miguu vya Gilford mimi sivitaki? Gilford mwenyewe alikuwa pale pale, kajaza mlango!

"Viazi vimekuwa vizuri mwaka huu," nikasema. "Ova."

VIAZI. Mungu wangu, viazi.

Mkwaruzo. Kisha akasema wamempa kazi huko kwenye karakana, kazi nzuri, hajui kama atapanda meli hii au atakaa kabisa. Ova. Na redio ikafa.

Nimelia kidogo. Kisha nimekumbuka "viazi vimekuwa vizuri" nikaanza kucheka, na Mama akaja na mshumaa kuangalia kama nina homa.

Jumapili, 24 Agosti

Kuna Bi Mdogo! Jike kijana, mnene, nyusi ndefu zinapepea kama za mtu aliyetoka saluni. Hana mume, hana kiota, na haya hana. Kasimama mbele ya Brigedia. Brigedia katazama kushoto. Yeye kasogea kushoto. Brigedia kaokota kijiwe — kijiwe chake kile kile cha siku ya kwanza! — akamwekea miguuni.

"Ebo! Wewe mbwa!" nikapiga kelele. Pengwini wote wakanigeukia.

Shangazi alinivuta sketi nikae. "Mwache. Dume hajala kitu tangu atue, amemaliza mafuta ya mwili kwa kungoja. Mwaka una mayai mawili tu. Mke akichelewa mno, anaoa aliyepo. Si uovu, ni kalenda."

Nikamwambia mimi sipendi kalenda.

"Na wewe ndiye Brigedia hapa," akasema, "au hujaona? Wewe ndiye uliyekaa kiotani. Na Bi Mdogo wako anakula mikate ya viazi kila jioni."

Nilimtupia glavu. Lakini tumecheka wote wawili. Gilford mwenye nyusi ndefu za manjano! Sasa siwezi kumtazama tena bila kuziona.

Amekuja jioni. Nimezitazama nyusi zake. Nikalazimika kukimbilia jikoni.

Jumamosi, 30 Agosti

Bi Mkubwa hajarudi. Bi Mdogo ameanza kulala kiotani.

Jumanne, 2 Septemba

NAANDIKA HUKU NARUKARUKA!

Mvua ya ubavu, upepo wa kumtoa mtu meno. Shangazi alitaka turudi. Nikasema dakika moja tu. Na wimbi kubwa likaja, likapasuka, na juu ya mwamba likaacha pengwini mmoja amelala kifudifudi. Akainuka. Unyusi wa kushoto — umekatika!

"BI MKUBWA!" Nilimkumbatia Shangazi mpaka darubini ikamgonga pua.

Paja lina jeraha linalopona, huenda sili, mwindaji wao wa baharini, alimkosakosa, ndiyo maana ya kuchelewa. Anachechemea. Hakujikung'uta hata maji. Akapanda moja kwa moja kupitia midomo yote ile, akafika kwenye jiwe lililoinama, akamkuta yule wa saluni kaketi juu ya mawe yake.

Weee! Makofi! Nasema makofi ya mabawa, pa-pa-pa-pa, tuliyasikia juu ya upepo. Bi Mdogo akashikwa shingo, akaburutwa, akatupwa kwa jirani, jirani akamdonoa, akatupwa kwa mwingine, akatoka mtaa mzima kwa aibu. Na Brigedia? Kasimama pembeni anatazama bahari. Kama hayupo! Kama hamjui yeyote!

Kisha Bi Mkubwa akaita. Mara moja tu.

Lo, yule dume! Kichwa juu, mabawa wazi, akalia mpaka akapoteza mizani akakaa. Wakainama, wakainuka, nyusi zinazunguka, mbili zake na moja na nusu za mkewe. Shangazi alikuwa analia na kusema ni mvua. Mimi nilikuwa nalia na kusema ni mimi.

Skafu yangu imebaki shingoni mwangu. Sikumwona Ruben lakini nilimwona Bi Mkubwa. Leo hilo linatosha.

Alhamisi, 4 Septemba

Gilford amesema!

Mama na Baba walikuwa wametoka kwa jirani, makusudi, mlango wameuacha wazi. Yeye benchini, mimi na sufu yangu. Saa ya ukutani ikapiga. Akakohoa.

"Corina."

Sindano ikaniponyoka.

"Zinabana."

"Nini?"

"Soksi. Zinabana vidoleni." Kanyoosha mguu, mguu kama kasia. "Hazikufumwa kwa ajili yangu, sivyo?"

Nikatikisa kichwa. Nilitaka ardhi inimeze, tena na benchi.

Akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Ahsante Mungu! Nilijua siku ya kwanza tu. Lakini mwanamke akikupa mistari minne, halafu usiende kukaa kwao, kijiji kitasema umemkataa. Ningekuaibisha. Basi nikaja. Nikawa nangoja wewe uniambie nisije."

"Na mimi nilikuwa nangoja wewe uchoke!"

"Mikate ya mama yako haichoshi."

Tulicheka mpaka mbwa akabweka. Mwezi mzima tumekaa pale, watu wazima wawili, tunaoneana haya! Akaniuliza ni za Ruben? Nikainama kuokota sindano. Akasema, "Mguu wake mdogo," akavaa kofia. Mlangoni akageuka: mashua ya kwanza kwenda melini ni yake yeye, atakuwa kwenye usukani.

"Hata kama hayumo," nikasema.

"Hata kama hayumo, barua zitakuwamo. Haya."

Jumatatu, 8 Septemba

Yai! Bi Mkubwa ametaga. Dogo, la buluu kidogo, kama la kuku anayefanya mzaha. Shangazi anasema la kwanza huwa hivyo daima, mara nyingi linapotea au wanalisukuma nje. La pili ndilo kubwa, kifaranga hutoka humo.

"Kwa nini wanasumbuka na la kwanza?"

"Wewe kwa nini ulifuma mstari mmoja?"

Nikamtupia glavu ya pili.

Meli imeondoka Cape Town! Baba alikuwa kibandani redio ilipotaja abiria wa kwetu. Upepo ulikula nusu ya maneno. Jina limeanzia na Ru.

"Ru-nani, Baba?"

"Ru. Ruben, labda. Au Rudolf."

Rudolf ni daktari wa meno.

Jumamosi, 13 Septemba

Meli ipo! Pale! Ningeweza kuigusa. Na bahari imevimba mpaka gati linazama na kuibuka. Hakuna mashua itakayotoka leo, chuma cha kuitia watu hakikugongwa.

Nimempokonya Shangazi darubini. Mwanamume mmoja kwenye reli, katupa kichwa nje, anatapika.

"Kama ni Ruben, amesahau bahari," akasema Shangazi. "Kama ni daktari wa meno, basi mwaka jana alining'oa jino lisilo bovu, Mungu ni mwema."

Hakuinua uso hata mara moja. Kofia tu. Kofia haina jina.

Na chini yetu pengwini wanatoka kuoga na kurudi kupitia mawimbi yale yale, hop, hop, hop, kama watu wanaotoka sokoni. Nimewaonea wivu ndege wasioweza hata kuruka angani!

Jumapili, 14 Septemba

Mawimbi. Mchungaji aliomba yatulie, nikasema amina kabla hajamaliza.

Bi Mkubwa ana yai la pili. KUBWA.

Jumatatu, 15 Septemba

Niko gatini. Naandika juu ya ndoo ya chambo iliyopinduliwa, kwa penseli ya Shangazi ya kuhesabia pengwini, kwa sababu nisipoandika nitapiga mayowe.

Chuma kiligongwa alfajiri. Gilford akatoka na mashua ya kwanza. Kijiji kizima kiko hapa, wenye shawli, wenye watoto, wenye mbwa. Mashua imerudi kutoka melini mara moja, imefika mdomoni mwa bandari, na bahari imebadilika tena. Gilford akaizuia pale nje, inapanda na kushuka, anangoja mwanya.

Na ndani yake — si daktari wa meno!

Ni yeye. Amekonda. Uso wa kijani. RUBEN! Nikasahau kupunga mkono. Yeye naye hakupunga. Alinitazama tu, kisha akamshika Gilford bega, akasimama juu ya ubao, na kumbe hana viatu. Akapandisha suruali mpaka magotini.

Mguu wa kulia: soksi kuukuu, imetobolewa na kushonwa vibaya na mkono wa mwanamume. Mstari mmoja.

Mguu wa kushoto: nyeupe, mpya. Buluu, nyekundu, buluu, manjano.

Na Gilford, bila kuachia usukani, akainua mguu wake kutoka kwenye buti akauonyesha kijiji. Mtupu!

Gati zima likanigeukia mimi. Mpaka mbwa.

Ruben akanyoosha kidole kwenye mguu wa kulia. Akainua mabega. Akanyoosha kwenye wa kushoto. Akainua mabega. Anauliza, mwendawazimu yule! Anauliza mbele ya watu wote, wa kulia au wa kushoto, kwa sababu upepo haungembebea sauti, na kwa sababu mimi mara ya mwisho nilimjibu viazi.

Nikainua mkono. Vidole vinne. Nikaona havitoshi. Nikainua na wa pili. Vyote! Kumi!

"Corina," akasema Shangazi, "hakuna soksi ya mistari kumi. Itamfika kiunoni!"

Kelele zilizopigwa hapa pengwini wangeona haya. Mama anacheka na kulia na kumpiga Baba mgongoni. Ruben alitaka kupunga mikono yote miwili, wimbi likaja, akakaa kitako ndani ya maji ya mashua, wakarudi nyuma tena mpaka nje. Moyo wangu ukaenda nao.

Sasa wanazunguka. Gilford ameinua mkono, anasoma mawimbi. Moja kubwa limepita. Lingine. Anageuza. Anakuja! Pengwini mmoja amechomoka majini karibu na ngazi, amepanda, amejikung'uta, anatutazama sote kana kwamba tumechelewesha kitu.

Ruben kasimama kwenye omo, mbele kabisa ya mashua, na zile soksi zake mbili zisizofanana, na ubao unateleza. Watu wanamwambia akae. Hakai. Amekunja magoti. Anataka kuruka kama wao! Hapa mbele pako wazi, hakuna wa kumdaka ila mimi, na nitahitaji mikono yote mi